Folda Iliyoitwa Mbovu

Kwa miaka ishirini na miwili Dereva aliendesha gari lenye redio nzima ambayo hakuruhusiwa kuiwasha. Alikuwa akimwendesha mkurugenzi wa idara ya barabara, mtu mwembamba aliyependa kukaa nyuma upande wa kushoto na kusoma mafaili yake njia nzima. Siku ya kwanza kabisa Dereva alipeleka mkono kwenye kitufe cha redio, na kabla hajakigusa sauti ikatoka nyuma: "Acha." Neno moja tu, na mkurugenzi hata macho hakuinua. Tangu siku hiyo muziki wake ulibaki kichwani, vidole vikigonga usukani taratibu, hadi alipoona kwenye kioo kwamba yale macho yameinuka. Hapo na vidole vilikoma.

Nyumbani ndiko alikolipiza. Chini ya kitanda alikuwa na maboksi mawili ya kanda, nyingi alizirekodi mwenyewe redioni tangu ujanani: bendi zilizokwisha kufa, waimbaji waliovuma mwaka mmoja wakasahaulika, magitaa ambayo ukimtaja mpigaji wake leo hakuna anayemjua. Akirudi kazini, kabla hajavua viatu, alikuwa ameshachomeka kanda. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, redio kaseti ilikaa kabatini hapo hapo, na watu wawili hao waliishi ndani ya kelele za mwenzao kwa muda wote wa ndoa.

"Kama ungejua kuwa redio zinaolewa," mkewe alimwambia siku moja, "mimi ungeniacha kwetu."

"Kwenu kulikuwa na redio kubwa," Dereva akamjibu. "Unadhani nilifuata nini?"

Mwaka wake wa mwisho kazini kanda zilianza kuliwa. Alikuwa akichomeka kanda inaimba dakika mbili, kisha sauti inavutika kama mtu anayesinzia, na akifungua anakuta utepe umejizonga kwenye magurudumu. Fundi wa kompyuta wa pale ofisini alimhurumia. Alimpa laptopu kuukuu iliyokuwa ikingoja kutupwa, akamfundisha kurekodi, na kumnunulia flashi yenye nafasi kubwa. "Ukishaweka humu, mzee, hakuna cha kuliwa tena," alimwambia.

Dereva akaingia kazini kwa bidii zote. Kila Jumamosi mchana aliiweka laptopu mbele ya spika ya redio kaseti, akabonyeza, akakaa pembeni kimya kama mlinzi wa mtihani. Hakujua kama kuna njia nyingine. Alimaliza nyimbo mia moja na themanini kwa mtindo huo, ndipo yule fundi alipokuja kumtembelea, akaona, akacheka hadi akashika tumbo.

"Mzee, unarekodi na hewa ya sebuleni! Kuna waya wa kuunganisha. Chombo kwa chombo, hakipiti kitu kingine."

Alipozisikiliza zile nyimbo kwa makini, Dereva aliona aibu. Kila kitu cha nyumba ile kilikuwa ndani: cherehani inakwenda tararara kisha inasimama, kijiko kinaanguka, mlango unalia, na juu ya yote mkewe anazungumza. Kwa waya aliopewa akaanza upya. Akatengeneza folda mbili ndani ya flashi. Moja akaiita SAFI, humo akaweka nyimbo mpya za waya, na zilikuwa nyingi, zaidi ya elfu. Ya pili akaiita MBOVU, akazitupia humo zile mia na themanini, azirudie akipata nafasi.

Nafasi haikupatikana. Alistaafu mwezi wa sita. Idara ilikuwa inaondoa magari yake chakavu, naye akapewa kipaumbele kulinunua lile lile alilokuwa akiliendesha. Alilitoa getini mwenyewe, akasimama kando ya barabara hatua chache kutoka ofisini, akawasha redio hadi mwisho. Alikaa hapo karibu saa nzima. Wiki ile ile akamwita fundi wa umeme wa magari, wakang'oa redio ile ya zamani na kuweka nyingine yenye tundu la flashi. Akawa mtu wa raha. Redio ile ilikuwa na kioo kidogo kisichoweza kuonyesha jina la wimbo, kilitoa namba peke yake, lakini kwa Dereva namba zilitosha. Ukimtajia mia tatu na kumi na mbili, alikuambia ni bendi gani, mwaka gani, na nani alikuwa kwenye besi.

Mkewe alipanda gari hilo mara nne tu. Mwezi wa tisa, akiwa anapiga pasi sketi ya mteja, alisema mkono wake umekufa ganzi. Walipofika hospitali upande mzima wa mwili ulikuwa umelala na ulimi umekuwa mzito. Hakusema tena neno linaloeleweka. Siku ya sita akafariki.

Baada ya mazishi Dereva aliendelea kuendesha. Hakuwa na pa kwenda, ila ndani ya nyumba hakukukalika. Alikuwa akizunguka mji mchana, SAFI ikiimba, kichwa kikiwa hakimo. Siku moja kwenye foleni nyimbo za folda ya kwanza zikaisha. Redio ikanyamaza kidogo, ikaruka yenyewe kwenye folda ya pili, ikaangukia wimbo wa arobaini na saba. Gitaa likaanza, na nyuma ya gitaa, karibu kabisa, sauti ikasema:

"Nani kachukua mkasi wangu?"

Foleni ikasogea, yeye akabaki palepale. Magari ya nyuma yakampigia honi, mengine yakampita yakimtukana. Trafiki mmoja akaja akagonga kioo.

"Mzee, gari limezima?"

"Halijazima."

"Sasa?"

Dereva akamtazama. Ndani, mkewe alikuwa akisema, "Nauliza watu hapa! Au mkasi una miguu?" Na sauti ya Dereva mwenyewe, ya miezi michache tu nyuma, ikanong'ona kwa ukali, "Shii! Narekodi!"

"Mke wangu anatafuta mkasi," alimwambia trafiki.

Trafiki alichungulia kiti cha abiria, akakikuta kitupu, akamwelekeza kwa upole asogee pembeni apumzike.

Kuanzia siku hiyo SAFI hakuigusa. Aliisikiliza MBOVU na hiyo tu. Akaijua namba kwa namba. Arobaini na saba ndipo pa mkasi. Sitini na tatu anacheka, anacheka sana, na Dereva hakukumbuka kabisa nini kilimchekesha, jambo ambalo lilimuudhi. Tisini na moja anampima mteja kifua na kumwambia kwamba kitambaa hakitoshi, apunguze kula au aongeze kitambaa. Mia na kumi na mbili wanagombana. Mia na thelathini anaimba pamoja na mwimbaji, anakosea maneno, anaendelea tu bila haya. Nyimbo nyingine hakusema kitu, lakini cherehani ilikuwemo, na Dereva alijua kwa mwendo wake kama anashona pindo au anaunga mkono.

Mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa karani wa bima, alihamia pale na mkewe ili mzee asikae peke yake. Kwa haki isemwe, hawakumtesa. Chakula kilikuwa kwa wakati, nguo zilifuliwa. Mwana huyu alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka tisa, akatoka hapo kwenda chuoni, akatoka chuoni kwenda kazini mji mwingine. Nyumba ile aliijua kwa likizo. Alipokuja alikuwa na mipango: sehemu ya uani ilipokuwa ikiegeshwa gari ingetosha vyumba viwili vya kupangisha.

Kisha macho ya Dereva yakaanza kufunga pembeni. Daktari alimwambia ni presha ya macho na kuendesha sasa basi. Alikubali bila ubishi, kwa maana kuendesha kwenyewe hakukuwa tena na maana. Kila siku baada ya chai alitoka, akapapasa boneti hadi mlangoni, akaingia, akawasha injini dakika chache kuipa betri nguvu, akafungua folda yake. Alikaa hapo hadi wakati wa chakula cha mchana. Na kwa kuwa alikuwa peke yake, alijibu. Alisema, "Uko juu ya kabati, umeuweka mwenyewe." Alisema, "Haya, imba, lakini hayo maneno umeyatoa wapi?"

Mkwewe ndiye aliyekuja kumwambia, amesimama kando ya mlango akifuta mikono kwenye khanga.

"Baba, usinichukie. Majirani wanauliza unaongea na nani humo."

"Waambie naongea na redio."

"Ndiyo ninayowaambia, baba. Ndiyo wanayocheka."

Hapo ndipo angeweza kumwambia. Angefungua mlango wa pili na kusema, ingia mwanangu, sikiliza. Mara kadhaa baadaye alilirudia jambo hilo moyoni. Lakini aliona kama atawagawia kitu kilichokuwa kidogo tayari, na akaogopa kwamba wakishaingia wawili, kitakuwa kitu cha kuonyesha wageni. Akapandisha kioo.

Mwezi wa tatu akapangiwa upasuaji wa macho kwenye hospitali kubwa, mbali, siku nane. Asubuhi ya safari mwanawe alimletea karatasi mezani. "Za hospitali, baba. Weka sahihi hapa. Na hapa. Na hapa chini." Dereva hakuona zaidi ya kivuli cha karatasi, akafuata kidole cha mwanawe, akaweka sahihi yake, ile ile aliyoiweka miaka ishirini na miwili kwenye daftari la safari.

Alirudi jicho moja limefungwa bandeji na jingine likiona kama kupitia maziwa. Alishuka kwenye teksi, akaingia getini, akaenda moja kwa moja uani kwa mazoea. Akanyoosha mkono kugusa boneti. Mkono ukagusa tofali. Akapapasa juu yake, kukawa na tofali jingine, na jingine, yamepangwa hadi kifuani.

"Baba, twende ndani upumzike," mwanawe alisema nyuma yake.

"Gari liko wapi?"

"Tutaongea ukishakula."

"Gari liko wapi?"

"Limepata mtu, baba. Huwezi kuliendesha tena, lilikuwa linaoza pale. Na wewe mwenyewe ulisaini."

Dereva akaondoa mkono kwenye tofali. Alikuwa anaikumbuka ile meza na kile kidole. "Niliweka sahihi ya hospitali."

"Zilikuwa pamoja, baba," mwana alisema, na sauti ikapungua. "Sikutaka tugombane siku ya safari."

"Na flashi?"

Hapo mwana akafurahi, kwa maana hapo alijiona yuko salama. "Flashi? Ungejua! Mimi siyo mtu wa kutupa vitu vyako. Nilikaa nayo siku mbili kwenye kompyuta kabla gari halijaenda. Yenyewe imekwenda na gari, ila nyimbo zako zote ninazo. Na nimekununulia spika, unaongea nayo tu inaimba, huna haja hata ya kuona."

"Zote?"

"Zote za ile folda nzuri. Ile nyingine uliandika mwenyewe kwamba ni mbovu, nikaifungua nijihakikishie. Kweli ilikuwa mbovu, baba. Kelele tupu. Cherehani, sijui vyombo, halafu kuna mwanamke fulani anaropokaropoka nyuma, huwezi kusikia wimbo. Nikazitafuta zile zile mtandaoni, moja moja, nikakuwekea safi. Nimezipata karibu zote. Usiku kucha nilikaa."

Mkwewe alikuwa mlangoni. Dereva alisikia pumzi yake ikikatika, akajua kwamba yeye ameelewa. Pengine alikuwa ameshaelewa zamani, kule alikokuwa akianika nguo karibu na gari. Mwanawe alikuwa bado amesimama akingoja kushukuriwa.

"Ulisikiliza ngapi?" Dereva aliuliza.

"Kama kumi hivi. Kwa nini?"

"Sijauliza kwa ubaya. Nilitaka kujua tu."

Na hakumwambia. Si kwamba alimhurumia. Alijua kwamba akimwambia, kijana atalia, ataanguka miguuni, na yeye Dereva atalazimika kumwinua na kumfuta machozi na kumwambia si neno. Hakuwa na si neno ya kumpa.

Siku ya pili yake, mwana alipokwenda kazini, mkwewe alikuja na viatu vya mzee mkononi. "Namjua aliyelinunua, baba. Anauza mayai karibu na stendi. Twende."

Walilikuta gari limeegeshwa kando ya kibanda, kiti cha nyuma kimeondolewa, trei za mayai zimejazwa hadi dirishani, spika ya tarumbeta imefungwa juu kwa waya. Ilikuwa ikitangaza bila kupumzika: mayai ya leo, mayai makubwa, njooni kwa jirani yenu. Muuza mayai aliposikia kwamba huyu ndiye mwenye gari wa kwanza, alimpa kiti na kumpunguzia sauti.

"Mzee, gari lako limetunzwa, nashukuru sana. Injini kama saa."

"Kulikuwa na flashi kwenye redio."

"Ipo! Ndiyo hiyo inayotangaza." Akaichomoa na kumwekea kiganjani, ikiwa ya moto. "Ilikuwa na nyimbo za zamani. Nilizifuta, mzee, nisamehe, nilidhani mmezisahau. Nikaijaza hotuba, nikafuta, nikaweka matangazo, nikafuta, nikaweka haya. Chukua, nitanunua nyingine."

Dereva aliomba akae ndani kidogo. Alikaa nyuma ya usukani, mkwewe amesimama nje ameegemea mlango. Kiti kilikuwa kile kile. Kulinuka mayai. Hakukaa hata dakika tano.

Yule fundi wa kompyuta, ambaye sasa alikuwa na duka lake, aliishika flashi siku tatu. Alivuta vilivyovutika. Zikatoka nyimbo kumi na moja nusunusu, na zote zilikuwa za folda ya SAFI. Kwenye MBOVU hakukuwa na hata sekunde moja. Laptopu ya zamani ilikwisha kufa mwaka mmoja kabla, na Dereva mwenyewe ndiye aliyewapa wakusanya vyuma. Zile kanda zilikuwepo bado chini ya kitanda, lakini kanda zilikuwa na muziki tu.

"Unaweza kurekodi upya, mzee," fundi alimwambia kwa huruma. "Nyimbo ni zile zile."

Spika mpya iliwekwa chumbani kwake. Jioni moja mwanawe aliiamuru ifungue wimbo wa arobaini na saba katika zile alizozitafuta mtandaoni, kwa sababu mkewe alikuwa amemwambia kwamba mzee aliupenda. Wimbo ulitoka umeoshwa, kila ala mahali pake, kila neno wazi. Dereva alisikiliza gitaa likija, akajua hatua kwa hatua, na lilipofika pale pa mkasi, gitaa likapita. Likaendelea mbele kana kwamba hakukuwahi kuwa na mtu sebuleni.

"Umesikia ilivyo safi?" mwana aliuliza.

"Nimesikia."

"Si bora?"

"Peleka jikoni," Dereva alisema. "Mkeo apate cha kumchangamsha."

Vyumba viwili vya uani viliisha kabla ya mvua. Wapangaji wakaingia, mwalimu na familia yake, watu wazuri, wanaamkia. Macho ya Dereva yalipata nafuu kidogo, ya kutosha kuona nani anapita lakini si sura yake. Hakugombana na mtu. Akiulizwa kama ameshiba, ameshiba. Akiulizwa kama analala vizuri, analala. Mwanawe aliwaambia majirani kwamba tangu gari liondoke mzee ametulia, haongei ovyo tena, na majirani wakakubali kwamba kweli ametulia. Mkwewe tu ndiye aliyemkwepa macho. Siku moja alijaribu: "Baba, nimwambie?" Dereva akamwambia, "Ukimwambia mimi nitasema unazua." Hakurudia tena.

Mwaka uliofuata mkwewe alijifungua. Mtoto alipofikisha siku arobaini, mwana akaja chumbani kwa baba yake na simu mkononi, amejawa na furaha, akaketi kando yake kitandani.

"Baba, nataka tuwe na sauti yako. Mjukuu akikua asikie babu yake alivyokuwa akiongea. Mama hatukumrekodi, unajua? Hata neno moja hatuna. Mimi hilo linaniuma sana." Akaiweka simu baina yao na kubonyeza. "Haya, sema chochote. Msalimie."

Dereva aliitazama simu. Namba zilikuwa zikihesabu kwenye kioo, aliweza kuziona kama cheche zinazobadilika. Chumba kizima kilikuwa kimya, cherehani, iliyohamishiwa humo, ikiwa imefunikwa shuka kwenye kona. Alivuta pumzi kana kwamba anaanza, akaiachia. Mwanawe akatikisa kichwa kumtia moyo. Dakika ikapita, na nyingine.

"Baba?"

Dereva akalaza mikono juu ya magoti, akafunga mdomo, akangoja hadi mwanawe alipokata tamaa na kuizima mwenyewe.

"Amegoma," mwana alimwambia mkewe alipotoka, akicheka kidogo. "Tutamjaribu siku nyingine akiwa na moyo."

Walimjaribu mara mbili zaidi. Hakuwapa hata neno.